Pombe Iliyofunguliwa: Kwa Nini Rubisi Huchacha na Wiski Hudumu

Katika nyumba nyingi za Wilaya za Ngara na Biharamulo, Mkoa wa Kagera, huweza kuonekana aina mbili za pombe zikikaa chini ya paa moja. Ya kwanza ni rubisi, yaani pombe ya ndizi, ambayo hutiwa katika dumu au kibuyu na kuwekwa pembeni mwa jiko. Ya pili ni chupa ya wiski au ya konyagi iliyoletwa na ndugu aliyetoka mjini, ikafunguliwa siku ya Krismasi, ikanywewa nusu, kisha ikarudishwa katika kabati la vyombo sebuleni. Rubisi iliyokamuliwa Alhamisi kwa ajili ya harusi ya Jumamosi, aghalabu huwa imekwisha kuchacha ifikapo katikati ya juma linalofuata, na mwenyewe hana budi kuimwaga. Wiski ile huweza kukaa hadi Krismasi ya pili na ya tatu bila kuharibika.

Watu wengi hulieleza jambo hili kwa kusema kwamba vinywaji vya kiwandani vimetiwa dawa. Kwa upande wa wiski na konyagi maelezo hayo si sahihi. Dawa pekee iliyomo ndani ya chupa hizo ni alkoholi yenyewe, na jambo linaloamua ni wingi wake. Hata hivyo swali lenyewe si la mchezo. Kwa kaya inayouza rubisi siku ya gulio ili kununua sare na madaftari ya watoto, dumu moja la lita 20 likimwagwa ni hasara ya mikungu ya ndizi, mtama, kuni na kazi ya siku kadhaa. Yafaa basi kuchunguza ni kitu gani hasa hutokea baada ya chombo cha pombe kufunguliwa, na kwa nini hakitokei kwa namna moja katika vinywaji vyote.

Safari ya sukari

Ndizi mbichi ina wanga mwingi na sukari kidogo. Inapovundikwa shimoni na kufunikwa kwa majani ya mgomba, huiva kwa pamoja na wanga wake hugeuka kuwa sukari. Kisha ndizi hizo hukanyagwa au kukandwa pamoja na nyasi ndani ya mtumbwi wa mti, ili nyasi zishike makapi na kuacha maji matamu yatoke. Maji hayo huchujwa, huongezwa maji ya kawaida, na hutiwa mtama uliokaangwa na kusagwa. Baada ya hapo mtumbwi hufunikwa kwa majani na kuachwa kwa muda wa siku moja au zaidi kidogo.

Hamira iliyomo katika mtama, katika maganda na katika mtumbwi wenyewe huila sukari hiyo. Kila gramu 180 za sukari ya glukosi huvunjwa kuwa takribani gramu 92 za alkoholi na gramu 88 za gesi ya kaboni dayoksaidi. Gramu 88 hizo, zikipimwa katika hali ya kawaida ya chumba, ni karibu lita 48 za gesi. Tarakimu hii yafaa ikumbukwe, kwa sababu ndiyo chanzo cha shida ya kwanza ya kuhifadhi rubisi. Rubisi hunywewa ikiwa bado changa, uchachu wake haujaisha. Ikiwa ndani ya dumu zima zimebaki gramu 90 tu za sukari, gesi itakayotoka ni lita 24, yaani zaidi ya ujazo wa dumu lenyewe. Mtu akikaza kifuniko ili hewa isiingie, dumu huvimba na kifuniko huruka. Kama chombo ni cha kioo hupasuka na kuweza kumjeruhi mtu. Ndiyo maana wazee waliziba vibuyu vyao kwa nyasi au kwa jani lililokunjwa: gesi ilipata njia ya kutoka. Busara hiyo haikutokana na kemia ya darasani, lakini kemia ya darasani haina la kuikosoa.

Maadamu gesi inaendelea kutoka, pombe inajilinda yenyewe. Kaboni dayoksaidi ni nzito kuliko hewa. Hutanda juu ya pombe na kuisukuma hewa nje ya mdomo wa chombo. Ulinzi huo hukoma pale mapovu yanapokoma, na hapo ndipo hewa hupata nafasi ya kushuka.

Wageni katika dumu

Pamoja na hewa huingia bakteria wa siki, ambao kitaalamu huitwa Acetobacter. Hawahitaji kualikwa. Wamo katika maganda ya matunda, katika kuta za mtumbwi, katika kata ya kuchotea, na katika miguu ya wale nzi wadogo wa matunda wanaozunguka kila panapovundikwa ndizi. Bakteria hawa huishi kwa kuiunganisha alkoholi na oksijeni ya hewani:

C₂H₅OH + O₂ → CH₃COOH + H₂O

Yaani, alkoholi na oksijeni huwa asidi asetiki na maji. Asidi asetiki ndiyo asidi ya siki. Utando mwembamba kama ngozi unaoonekana juu ya rubisi iliyosahauliwa ni makazi ya bakteria hao. Hukaa juu kwa kuwa oksijeni iko juu. Wapo vilevile bakteria wa asidi laktiki, jamaa za wale wanaogandisha maziwa, ambao hawahitaji oksijeni na huanza kuitia pombe ukali mapema zaidi. Lakini ladha ile ya kuchoma koo, inayomfanya mnunuzi aweke kikombe chini, ni kazi ya bakteria wa siki.

Mtaalamu wa Kifaransa Louis Pasteur ndiye aliyelithibitisha jambo hili. Mwaka 1863 Napoleon III, mtawala wa Ufaransa, alimtaka achunguze kwa nini divai ya nchi hiyo ilikuwa ikiharibika. Mwaka 1864 Pasteur alichapisha uchunguzi wake juu ya siki, na mwaka 1866 kitabu chake juu ya divai. Alionyesha kwamba siki haitokani na uzee wa divai bali na kiumbe hai, na kwamba divai ikipashwa moto wa nyuzi 50 hadi 60 za Sentigredi bila kuchemka, viumbe hao hufa na divai hudumu. Maziwa ya pakiti yanayouzwa leo katika maduka ya Bukoba na Mwanza hupashwa moto kwa kanuni iliyotokana na shida hiyo ya walevi wa Ufaransa.

Badiliko la pombe kuwa siki limewashughulisha hata watu wasioitumia pombe. Wanazuoni wa Kiislamu walikwisha kulijadili kwa karne nyingi, nao wanakubali kwamba mvinyo uliogeuka siki wenyewe ni halali, kwa kuwa si kitu kile tena. Kwa upande mwingine, kanuni ya 924 ya sheria ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1983 inadai kwamba divai ya misa itokane na zabibu na isiwe imeharibika. Katika parokia ya mashambani ya Jimbo la Rulenge-Ngara, ambako kila misa hutumia divai kidogo tu, chupa iliyofunguliwa huweza kukaa siku nyingi. Hapo swali la Pasteur ni swali la sakristia pia.

Hesabu ya hewa

Je, hewa kiasi gani inatosha kuharibu kinywaji? Wanafunzi wa Kidato cha Tatu wanaweza kulijibu swali hili kwa kalamu na karatasi.

Chukua chupa ya divai ya Dodoma ya mililita 750 iliyonywewa nusu na kuzibwa sawasawa. Ndani yake mna mililita 375 za hewa. Oksijeni ni asilimia 21 ya hewa, kwa hiyo imo karibu mililita 79, ambazo uzito wake ni kama gramu 0.1. Kwa mujibu wa mlinganyo uliotajwa, gramu 32 za oksijeni hula gramu 46 za alkoholi. Basi gramu 0.1 itakula gramu 0.15 na kutoa gramu 0.2 za asidi asetiki. Divai yenye asilimia 12 ya alkoholi ina takribani gramu 35 za alkoholi katika nusu chupa hiyo. Ni dhahiri kwamba hewa iliyofungiwa haiwezi kuigeuza divai yote kuwa siki: oksijeni itakwisha kabla ya alkoholi kupungua kwa kiasi cha kupimika. Lakini gramu 0.2 katika mililita 375 ni sawa na nusu gramu na kidogo kwa lita, na ulimi wa mtu huanza kuitambua siki katika divai karibu na kiwango hicho hicho.

Maana ya hesabu hii ni kubwa kuliko inavyoonekana. Chupa ikifunguliwa tena kesho, hewa mpya huingia na hesabu huanza upya. Kinachoharibu, basi, ni mambo mawili: ukubwa wa nafasi tupu iliyo juu ya kinywaji, na idadi ya mara ambazo chombo kimefunguliwa. Dumu la lita 20 linalochotwa kikombe kimoja kimoja kuanzia asubuhi hadi jioni lina kasoro zote mbili kwa wakati mmoja, na kila mchoto huongeza bakteria wa kata. Ujazo ule ule ukigawanywa katika chupa ndogo zilizojaa hadi shingoni, kila chupa hufunguliwa mara moja tu, siku ya kunywewa. Jambo la kuangalia ni saa ya kuhamisha: si kabla mapovu hayajakoma, kwa sababu ya hatari ya kupasuka iliyoelezwa, wala si siku mbili baada ya kukoma. Hata wakati huo, kwa siku ya kwanza na ya pili, vifuniko vilegezwe kidogo.

Anayetaka kuihifadhi rubisi kwa muda mrefu zaidi anaweza kufuata njia ya Pasteur. Rubisi iliyotulia huchujwa kwa kitambaa safi na kutiwa katika chupa za kioo. Chupa husimamishwa ndani ya sufuria ya maji yenye kitambaa chini, vifuniko vikiwa vimelegezwa, na maji hupashwa moto polepole hadi nyuzi 65 na kushikiliwa hapo kwa nusu saa. Vifuniko hukazwa chupa zikiwa bado moto. Chupa za plastiki za soda hazifai, kwani hujikunja. Ladha hubadilika kidogo, na wako watakaosema kuwa hiyo si rubisi tena; hilo ni suala la ulimi, si la sayansi. Huko Arusha pombe ya ndizi hutengenezwa kiwandani na kuuzwa ndani ya chupa, wala wanunuzi hawakukosekana.

Baridi nayo husaidia. Kwa kukadiria, kazi ya bakteria hupungua kwa karibu nusu kila joto linaposhuka kwa nyuzi 10. Sehemu kubwa ya wilaya hizi iko kati ya mita 1,200 na 1,800 juu ya usawa wa bahari, na usiku wake ni wa baridi. Ni kupoteza baraka hiyo kuliweka dumu karibu na mafiga. Gunia lililoloweshwa na kuzungushiwa chombo mahali penye upepo hupooza kwa kanuni ile ile ya mtungi wa maji.

Kinywaji kikali na chupa inayopumua

Bakteria wa siki hawastawi katika kinywaji chenye alkoholi inayozidi kiasi cha asilimia 15, na hamira nyingi hukoma hapo hapo. Rubisi ina asilimia chache tu. Bia za viwanda vyetu huwa na asilimia 4 hadi 6. Divai 12 au 13. Konyagi ina asilimia 35, na wiski ya Uskoti kwa sheria haipungui asilimia 40. Katika vinywaji hivyo viwili hakuna kiumbe kinachoweza kuishi, na kwa hiyo havichachi, hata vikiachwa wazi mwezi mzima. Hasara yake ni ya namna nyingine: huruka.

Alkoholi huchemka katika nyuzi 78 na maji katika nyuzi 100, na hata katika joto la chumba mvuke wa alkoholi safi una kani zaidi ya mara mbili ya ule wa maji. Kifuniko kikilegea, kinachotangulia kuondoka ni alkoholi na zile harufu nyepesi ambazo mnywaji alizilipia fedha nyingi. Chupa iliyowekwa dirishani huzidisha hasara hiyo kwa njia ambayo wengi hawaidhanii: hupumua. Tuseme nusu ya chupa ni hewa, mililita 375, na kwamba joto hupanda kutoka nyuzi 18 alfajiri hadi nyuzi 32 adhuhuri. Kwa kanuni ya Charles hewa hiyo hutanuka kwa karibu mililita 18, ambazo hutoka kupitia kifuniko kilicholegea zikiwa zimebeba mvuke. Usiku hewa hunywea na chupa huvuta ndani mililita 18 za hewa mpya. Kwa mwezi mmoja hizo ni zaidi ya mililita 500, yaani hewa yote ya chupa imebadilishwa na ziada. Kwa hewa hiyo mpya oksijeni huendelea kuigusa wiski, polepole, bila msaada wa kiumbe chochote, na kuififisha ladha. Mwanga wa jua nao huipausha rangi.

Kwa hiyo mahali pa chupa ya wiski ni ndani ya kabati lenye giza, mbali na dirisha, kifuniko kikiwa kimekazwa. Isimamishwe wima. Chupa ya divai yenye kizibo cha gome hulazwa kabla ya kufunguliwa ili kizibo kisikauke, lakini alkoholi ya asilimia 40 hukila kizibo hicho na kukifanya kimeguke. Wiski iliyobaki robo ya chupa huhifadhika vizuri zaidi ikihamishiwa chupa ndogo inayoijaza. Divai iliyofunguliwa izibwe na kuwekwa kwenye jokofu kama lipo, na itumike katika siku chache. Bia iliyofunguliwa haihifadhiwi. Gesi yake ikishatoka hakuna namna ya kuirudisha. Hata bia ambayo haijafunguliwa isianikwe juani: mwanga huvunja viungo vya mhopi vilivyomo na kutoa harufu inayofanana na ya kicheche. Chupa ya rangi ya kahawia huuzuia mwanga huo vizuri, ya kijani kidogo sana.

Chombo na kizibo

Yapo mambo mawili ambayo kuyakosea hakuleti hasara ya fedha tu. La kwanza ni chombo. Rubisi iliyochacha ni asidi, na asidi huyeyusha zinki. Ndoo ya bati lililopakwa zinki inafaa kwa maji ya kisima, lakini pombe iliyolala humo huweza kumfanya mnywaji atapike na kuumwa tumbo. Madumu yaliyowahi kutiwa dawa ya mikahawa au ya kuogeshea ng'ombe hayasafishiki kwa kuyaosha, kwani plastiki hunyonya sumu hiyo na kuitoa baadaye. Alkoholi huitoa kwa wepesi kuliko maji. Na pombe kali iliyohamishiwa chupa ya soda au ya maji ya kunywa haina alama inayomwonya mtoto.

La pili ni kizibo. Husemwa mitaani kwamba pombe kali ikikaa sana hugeuka sumu ya methanoli. Sivyo. Methanoli ni kitu kingine, CH₃OH, na ethanoli haiwezi kugeuka methanoli kwa kukaa tu, iwe siku moja au miaka kumi. Methanoli kidogo hutoka katika pektini ya matunda wakati wa uchachu. Ile inayoua hutoka kwa mtu aliyeitia, akichanganya spiriti ya viwandani na pombe ili apate faida. Mwezi wa Aprili 2010 huko Kabale, kusini-magharibi mwa Uganda, watu wapatao 80 walikufa kwa waragi wa namna hiyo. Gongo, ambayo sheria ya Tanzania inaikataza, haina mkaguzi, na mnunuzi wake hana njia ya kujua kilichomo. Methanoli haina harufu ya kuitofautisha, na kuwasha pombe kiberiti na kutazama rangi ya moto si kipimo cha kutegemewa. Ilivyo, kizibo kisichovunjwa pamoja na stempu ya kodi ya kielektroniki, iliyoanza kutumika nchini mwaka 2019, ndiyo dhamana ya mnunuzi. Chupa iliyofunguliwa mbele ya macho yake ni mali yake. Iliyofunguliwa kwingine ni ya yule aliyeifungua. Mifuko ya viroba, iliyopigwa marufuku kuanzia tarehe 1 Machi 2017, ilikuwa na kasoro ya upande wa pili: ukishakatwa haukuweza kufungwa tena, na kilichomo kilimalizwa papo hapo.

Jaribio kwa maabara ya shule

Walimu wanaweza kuyaonyesha haya bila mwanafunzi yeyote kuonja kitu. Maji ya ndizi zilizoiva, lita moja, huchujwa na kutiwa kijiko cha hamira ya mkate katika chupa yenye kifuniko kilicholegezwa. Mapovu yakikoma, pombe hiyo hugawanywa katika chupa tatu za kioo zinazolingana. Ya kwanza hujazwa hadi shingoni na kupashwa moto wa nyuzi 65 kwa nusu saa kama ilivyoelezwa. Ya pili hujazwa vilevile bila kupashwa moto, kifuniko kikilegezwa kidogo. Ya tatu hutiwa nusu na kufunikwa kwa kitambaa chepesi. Siku ile ile, na kila baada ya siku mbili, sentimita 10 za ujazo hutolewa katika kila chupa kwa pipeti na kutaitreti kwa hidroksidi ya sodiamu ya molari 0.1, fenolftalini ikiwa kionyeshi. Kila sentimita moja ya ujazo ya alkali hiyo ni sawa na gramu 0.006 za asidi asetiki. Kwa kuwa ndizi yenyewe ina asidi zake, tarakimu ya siku ya kwanza hutolewa katika zile zinazofuata. Chupa ya kwanza ifunguliwe haraka na kufungwa mara moja, na kila inapofunguliwa wanafunzi waandike ni mara ya ngapi, maana nafasi tupu itakuwa imeongezeka. Grafu ya siku dhidi ya ujazo wa alkali ichorwe kwa chupa zote tatu katika karatasi moja. Baada ya wiki mbili vimiminika vyote humwagwa, na chupa huoshwa kwa maji ya moto.